Mkono Kifuani

Hodi ile, msomaji, haikuwa ya polisi. Wala haikuwa ya mashabiki, ingawa najua wiki nzima umeishi roho mkononi ukidhani wamekuja kummaliza. Kipenga alipofungua mlango, mpini wa ufagio ameukamata kama rungu, alimkuta mwanamke mmoja tu, na mfuko wa plastiki kwapani.

"Siku hizi unapokea wageni kwa ufagio, wifi?"

Alikuwa mke wa Fundi. Kipenga akatamani wangekuwa mashabiki.

Niwakumbushe kidogo wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa nyanya kabla hawajalisoma. Kipenga ndiye mwanamke wa kwanza nchini kwake kuchezesha fainali ya kombe. Jumapili ya fainali, Kijani wakiwa nyuma kwa goli moja na mpira unakaribia kwisha, walifunga. Uwanja ukalipuka. Halafu mshika kibendera akainua kibendera, Kipenga akaonyesha kuotea, goli likafutwa, na kombe likaenda kwa Bluu.

Mshika kibendera yule ndiye Fundi. Mashabiki wa Kijani walimvizia getini, wakamvunja mkono wa kulia. Na Fundi, kabla ya kuwa mshika kibendera, ni fundi cherehani. Mkono ule ndio uliokuwa ukilisha nyumba yake.

Kwa damu, yeye na Kipenga si ndugu. Lakini siku Kipenga alipoanza kuchezesha, hakukuwa na sare ya mwanamke, akavalishwa shati la mwanamume lililomfika magotini, na uwanja mzima ukamcheka. Wiki iliyofuata Fundi alimletea shati lililomkaa sawasawa, ameshona mwenyewe bila kuombwa. Viwanjani hakukuwa na chumba cha mwanamke kubadilisha nguo. Kipenga alivalia stoo, katikati ya ndoo na mafagio, na Fundi alisimama mlangoni akimpa yeye mgongo na kuwafukuza watukutu waliokuja kuchungulia. Kocha mmoja alipokataa kumpa mkono, Fundi naye akakataa kumpa yule kocha mkono. Ndivyo alivyokuwa kaka yake, na mkewe akawa wifi.

"Karibu ndani, wifi," Kipenga alisema, akiuficha ufagio nyuma ya mlango.

"Sikai. Nimeacha watoto peke yao, na siku hizi mtaani kwetu si mahali pa kuacha watoto."

Wifi akafungua mfuko, akatoa shati jeusi, jipya, lenye kola na vifungo mpaka chini. Mistari ya chaki ilikuwa bado inaonekana.

"Hili lako. La kwenda nalo kwenye mashindano ya bara. Alikuwa analimalizia kabla ya fainali. Amesema nikuletee hivi hivi, limebaki kifuko cha kifuani tu. Anasema utafute fundi mwingine akubandikie."

Fundi mwingine! Kipenga alilipokea shati kwa mikono miwili.

"Sasa na mimi nina langu," wifi akasema. Sauti ilishuka. "Wewe ulikuwa pale uwanjani. Ulisimama naye karibu kuliko mtu yeyote. Niambie kweli, wifi yangu. Mume wangu alinunuliwa?"

"Wifi!"

"Usiniambie wifi, nijibu. Huyu mtu akikosea suruali ya mteja upana wa kidole, anafumua yote anaanza upya, mteja mwenyewe akimwambia acha tu. Juzi amekosea mbele ya nchi nzima. Namuuliza kwa nini, ananiambia 'nilikosea', halafu anageukia ukutani. Kwanza anakimbia kuwapa goli, kisha anasimama anawanyang'anya. Watu wote wanasema kuna kitu alikula. Sasa mimi nimeolewa na nani?"

Kipenga alikuwa anautazama mshono wa shati. Ulikuwa umenyooka kama kawaida yake.

"Kesho kamati inamkalisha," wifi aliendelea. "Kama alihongwa, nachukua wanangu narudi kwetu. Njaa naiweza. Fedheha siiwezi. Lakini wewe ukiniambia hakuhongwa, nitaziba masikio, nibaki. Neno lako nitaliamini."

Hapo, msomaji, ndipo palikuwa pa kusema. Mlango uko wazi, mtu ameomba neno moja, na neno lenyewe analo. Mwanamke aliyewahi kumtoa nje kwa kadi nyekundu nahodha aliyemtuma maji ya kunywa. Mwanamke aliyerushiwa chupa na akaendelea kukimbia. Huyo huyo alimeza mate.

"Wifi," alisema, "kila mtu hukosea."

"Kwa hiyo alikosea."

"Binadamu, wifi."

Wifi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea majibu ya hospitali. "Haya. Ahsante." Akakunja mfuko wake mtupu, akauweka kwapani, akaondoka. Hata maji hakuomba.

Kipenga alifunga mlango na kuuegemea. Sauti ikatoka kwenye kochi, pale ambapo mama yake mzazi alikuwa amejifanya kalala.

"Umemjibu nini mtoto wa watu?"

"Mama, hayo ni mambo ya mpira."

"Mambo ya mpira! Na hicho kifua chako je?"

"Kifua gani tena?"

"Nilikuona kwenye televisheni. Watu wanashangilia goli, wewe umeshika kifua, hivi." Mama yake akaweka kiganja kifuani. "Nikasema basi, moyo wa mwanangu umesimama. Nilikuambia tangu mwanzo, kukimbizana na madume juani kutakuua."

"Moyo mzima, mama."

"Hauwezi kuwa mzima," mama yake alisema, akajigeuza ubavu. "Mwenye moyo mzima hajibu alivyojibiwa yule."

Basi sikiliza siri ya mkono ule, maana katika nchi nzima ni watu wawili tu wanaoijua.

Kila kundi la waamuzi lina lugha yake. Kabla ya mechi hukaa wakakubaliana: nikifanya hivi maana yake hivi. Kipenga na Fundi walikuwa na ishara yao tangu enzi za viwanja vya vumbi. Wachezaji wakimziba asione tukio, Kipenga huweka mkono kifuani na kumtazama Fundi. Maana yake: sijaona, nisaidie. Na Fundi, aliyesimama pembeni akiona vizuri, humpa jibu. Ishara ile iliokoa mechi nyingi, na kila mara ilitumika kwa haki.

Jumapili ile, beki wa Bluu alimvuta jezi mshambuliaji wa Kijani ndani ya eneo la hatari. Kipenga aliona. Aliona kila kitu, hapakuwa na mtu wa kumziba. Filimbi ilikuwa mdomoni. Somo la kwanza la kazi hii, somo analowafundisha wengine kila mwezi, ni kwamba usikimbilie kupuliza. Vuta pumzi, mwache anayeonewa aone kama atajinasua. Yeye akapuliza.

Na mshambuliaji akajinasua. Akapiga. Mpira ukaingia wavuni.

Filimbi ikishalia, mpira umekufa. Kinachoingia wavuni baada ya hapo hakihesabiki. Lakini haki ya Kijani ilikuwa haijapotea: ilikuwa penalti, wazi kabisa. Kipenga alitakiwa kunyoosha mkono kwenye kidoa cha penalti, basi. Angezomewa, angetukanwa, lakini angekuwa amesema kweli.

Kwa kunyoosha mkono ule, hata hivyo, angekuwa anauambia uwanja mzima kwamba goli lao amelifuta yeye kwa pupa ya mdomo wake. Alizisikia sauti za wazee wa chama wakisema, si tuliwaambia, mwanamke hana subira. Kelele za mashabiki zilikuwa zimeimeza filimbi. Ni wachache mno waliosikia. Kule pembeni, Fundi alishaanza kukimbia kuelekea katikati ya uwanja, kama afanyavyo mshika kibendera anapokubali goli.

Kipenga akamtazama. Akaweka mkono kifuani.

Ilikuwa mara ya kwanza ishara ile kusema uongo. Fundi alisimama ghafla. Akauona mkono. Akaiona na filimbi mdomoni, na macho ya dada yake anayezama. Msaada pekee alionao mshika kibendera ni kibendera chake. Akakiinua, kana kwamba filimbi ile ilikuwa ya kuotea.

Tangu siku ile hawakuwa wamesemezana neno.

Asubuhi ya kikao Kipenga alivaa lile shati lisilo na kifuko. Ukiniuliza kwa nini, sijui, na nadhani hata yeye hakujua. Pengine alitaka Fundi aone kazi yake. Pengine alitaka limchome.

Mwenyekiti wa chama, mtu wa tai fupi na maneno marefu, alimdaka ukumbini kabla hajafika mlangoni.

"Mama yetu! Fahari yetu! Njoo hapa pembeni." Akamshika kiwiko. "Jina lako la mashindano ya bara limepita. Nimelipigania mwenyewe. Kuna wazee humu wakiona filimbi mdomoni mwa mwanamke, wanaona kama ameota ndevu."

"Ahsante, mwenyekiti."

"Leo sitaki hotuba. Nataka neno moja. Nitakuuliza kama ulifuata kibendera, utasema ndiyo, tutaenda zetu nyumbani."

"Na Fundi?"

"Fundi atapumzika."

"Mpaka lini?"

"Maisha." Mwenyekiti alishusha sauti, akawa karibu mtu mwema. "Mashabiki wanataka kichwa, mama. Nisipowapa cha Fundi watataka changu, na mimi changu nakipenda. Halafu fikiria. Wewe ukianguka, ni mwanamke gani mwingine atapewa filimbi katika nchi hii? Mlango umeufungua mwenyewe. Usije ukaufunga mwenyewe."

Neno hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa la kweli. Uongo mbaya zaidi ndio ule unaotembea na kweli mkono kwa mkono.

Fundi alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la ukutani. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, umening'inizwa shingoni kwa kipande cha bitana. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimeruka tundu. Fundi cherehani! Kipenga alikiona kifungo kile kabla hajauona uso.

"Wifi yuko wapi?" aliuliza.

"Ameenda kunitafutia maji ya kumezea dawa." Fundi alimtazama juu mpaka chini. "Simama sawa. Mabega yamekaa. Kiuno nilikuwa na wasiwasi nacho."

"Kaka..."

"Geuka. Enhe. Limekaa."

"Kaka, naingia kusema."

"Useme nini?" Fundi alitabasamu kidogo. "Mimi nimeshapigwa. Kipigo hakirudishwi dukani. Ukisema, tutakuwa wawili tuliokufa badala ya mmoja. Nenda ukachezeshe huko barani, watu waone shati langu kwenye televisheni. Hiyo inanitosha."

"Unanionea huruma ili iweje? Nilikutazama nikijua. Niliona kila kitu, kaka. Sikuwa nimezibwa."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nakujua ukiwa hujaona, unakunja uso. Siku ile hukukunja." Alisema bila hasira, na hilo likawa baya zaidi. "Nilijua unaniomba nini. Nikakupa. Yamekwisha."

Kipenga alikaa kando yake kwenye benchi.

"Hayajaisha. Wifi alikuja kwangu jana."

"Kuleta shati, ndiyo, nilimtuma."

"Kuuliza pia. Anataka kujua kama ulihongwa. Anasema kama ni kweli anachukua watoto anaenda kwao."

Tabasamu lilimtoka Fundi usoni. Ikawa wazi kwamba hakuwa na habari. Mtu alikuwa tayari kupoteza kibendera, kupoteza mkono, kutukanwa barabarani; yote hayo ameyapima na kuyakata kama kitambaa. Hili hakulipima.

"Amesema hivyo? Mke wangu?"

"Amesema."

"Akakuuliza wewe." Alimgeukia. "Ukamjibuje?"

Kipenga alitazama sakafu.

"Nakuuliza, dada. Ukamjibuje?"

"Nilimwambia..." Akashika ukingo wa benchi. "Nilimwambia kila mtu hukosea."

Fundi alijaribu kukirekebisha kile kifungo chake kwa mkono wa kushoto, kikamshinda, akakiacha. Kipenga alitaka kukifunga yeye, akanyoosha mkono, na Fundi akasogea kidogo tu kwenye benchi, kiasi cha kutofikiwa.

Miaka yote ile, kwenye vumbi na mvua na matusi, hakuwahi kumkwepa. Kipenga alisikia aibu mpaka kwenye meno.

"Waamuzi, ingieni!" katibu aliita.

Chumba cha kamati kilikuwa kidogo, chenye makombe yaliyojaa vumbi kabatini na feni iliyokufa. Kwa sababu ya joto waliuacha mlango wazi. Wajumbe walikaa upande mmoja wa meza ndefu, Fundi upande wa pili peke yake, na Kipenga wakamwekea kiti pembeni, karibu na soda ya baridi, kama bibi harusi.

Mwenyekiti aliwasha televisheni.

"Tazameni wenyewe," alisema. "Goli linaingia. Mshika kibendera anafanya nini? Anakimbia kwenda katikati. Yaani amekubali, goli halali. Hapo! Anasimama. Anafikiri. Anainua kibendera. Sasa bwana Fundi, katikati ya kukubali na kukataa, nini kilitokea?"

"Nilikosea," Fundi alisema.

"Ulikosea lini? Ulipokimbia au ulipoinua?"

"Nilikosea tu, mwenyekiti."

"Nani alikupa kitu?"

"Hakuna."

"Mkeo anajua kwamba hakuna?"

Lilikuwa swali la kuchokoza tu, wajumbe wawili wakacheka. Mwenyekiti hakujua ameshika kidonda. Fundi aliinamisha kichwa.

"Basi tusipoteze muda," mwenyekiti alisema, akigeuza sauti kuwa asali. "Mama yetu, swali ni moja. Ulipotoa uamuzi wako, ulifuata kibendera cha msaidizi wako, kama kazi inavyotaka. Ndivyo?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, fupi na jepesi. Ulimi ukishalitema, kesho kutwa yumo ndani ya ndege. Na mabinti anaowafundisha wangebaki na mtu wa kumwangalia. Kipenga alifungua mdomo, na kabla hajasema, akamtazama Fundi. Ilikuwa mazoea. Kwa miaka yote ile hakuwahi kutoa uamuzi mkubwa bila kumtazama.

Fundi aliinua kichwa. Akauinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, taratibu. Akauweka kifuani.

Ishara ile ilikuwa ya Kipenga. Mshika kibendera hana haja nayo, kazi yake ni kusaidia, si kusaidiwa. Tangu waanze kazi pamoja, Fundi hakuwahi kuiomba hata mara moja.

Wajumbe waliona mtu anayeshika moyo. Mmoja akamsogezea glasi ya maji.

Kipenga alisimama.

"Mwenyekiti, rudisha picha nyuma."

"Haina haja, mama. Ni ndiyo tu au..."

"Rudisha. Na safari hii usimtazame yeye. Nitazame mimi."

Picha ilirudi. Pale pembeni ya televisheni, mdogo kama kidole, alionekana mwamuzi, filimbi mdomoni, mashavu yamejaa. Mpira ulikuwa haujavuka mstari.

"Simamisha hapo," Kipenga alisema. "Nimeshapuliza. Beki amemvuta mtu jezi, nimeona, nimepuliza kabla ya wakati. Ilikuwa penalti ya Kijani. Endelea mbele kidogo. Sasa unauona huo mkono wangu kifuani?"

"Ulikuwa unavuta pumzi," mwenyekiti alisema haraka.

"Nilikuwa namwambia aniokoe. Ni ishara yetu. Hakuna kuotea. Hakuona kuotea, na hakununuliwa na mtu. Niliogopa kuzomewa, nikamtupia yeye, wakamvunja mkono kwa kosa langu. Nimekaa kimya wiki nzima. Jana nimeulizwa mlangoni kwangu na mtu aliyestahili jibu, nikamdanganya." Alimgeukia katibu. "Aliyewanyima Kijani kombe ni mimi. Andikeni hivyo."

Katibu alikuwa amesimamisha kalamu hewani.

Mwenyekiti alizima televisheni. Akalegeza tai yake fupi. Alipoongea, asali ilikuwa imekwisha.

"Mama umechoka. Joto hili. Katibu, hilo halikusemwa humu ndani. Futa."

"Limesemwa."

Sauti ilitoka mlangoni, ule mlango waliouacha wazi kwa sababu ya joto. Wifi alikuwa amesimama pale, chupa ya maji mkononi. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini, lakini uso wake ulionyesha amesikia ya kutosha.

"Limesemwa," alirudia. "Mimi nimelisikia."

"Mama, hiki ni kikao cha kamati," mwenyekiti alianza. "Toka nje."

Wifi aliingia ndani. Alimpita mwenyekiti kama anavyopita kiti. Alifika kwa mumewe, akaiweka chupa ya maji mezani mbele yake, akakifungua kile kifungo kilichoruka tundu na kukifunga mahali pake.

"Mke wangu," Fundi alisema, "ngoja nikueleze."

"Wewe nyamaza. Wewe na mimi tutaongea nyumbani."

Nyumbani, alisema. Si kwetu. Kipenga alilisikia neno hilo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akavuta pumzi ikafika chini. Akadhani sasa amesamehewa. Akafungua mikono kidogo, kama mtu anayengoja kukumbatiwa.

Wifi aligeuka, akaja mpaka mbele yake, wakawa wanatazamana uso kwa uso. Hakulia wala hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, kiganja juu, kama mtu anayedai chake.

"Lile neno nililokuomba jana ukaninyima," alisema. "Leo umewapa hawa. Sawa, nimelipata. Sasa nipe na shati la mume wangu."

"Wifi..."

"Mimi si wifi yako. Vua."

Wajumbe walitazama meza. Mwenyekiti alitazama dari. Kipenga alimtazama Fundi, kwa mazoea yale yale, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kifuani, pale ambapo kifuko kilikuwa hakijashonwa.

Fundi aliuona mkono ule. Akageuza uso, akatazama ukutani.

Kipenga akaanza na kifungo cha juu.